Kifua Kilichokataa Kuzoea

Nawaandikia ninyi mnaolala mmekaa. Mnajua ni sehemu gani ya ukuta mgongo unaipenda, na mnachagua maneno kabla ya kuyasema kwa sababu pumzi haitoshi kwa yote. Mimi ni mwenzenu. Watu huniita Mama Theresia. Nilizaliwa kijiji cha Daudi, nikaolewa kijiji cha Tumati, na kabla ya kuolewa nilisoma kwa masista mpaka nikaweza kuandika barua bila kusaidiwa. Ugonjwa nitauita kwa jina lake, pumu. Udaktari siujui na sitawafundisha. Nitasema niliyoyaona, kwa utaratibu nilivyoyaona.

Sababu nyingine ya kuandika ni hii. Niliambiwa pumu yangu ni uoga, na kuna mahali daktari mwenyewe alionekana kama amesema hivyo. Huenda nanyi mmeambiwa. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Nyumbani kwa baba yangu hatukulala na ng'ombe. Baba alifyatua matofali kwa mikono yake, akajenga nyumba iliyosimama wima, na ng'ombe wake wachache akawafungia kwenye banda la nje. Majirani walimcheka. Kwetu nyumba ya heshima ni ile iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, ng'ombe upande mmoja, watu upande mwingine, moto katikati. Ng'ombe wakilala ndani, fisi na baridi hubaki nje, na joto la ng'ombe ndilo blanketi la wazee. Nyumba ya baba mkwe wangu ilikuwa hivyo, kubwa kuliko zote katika mteremko ule. Niliolewa baada ya mavuno ya mtama, nikaingia humo na furaha yangu.

Kazi ya bibi arusi ni kuzoa mavi ya ng'ombe kila asubuhi, kuyatia kikapuni na kuyabeba mpaka shambani. Kikapu hicho ndicho mizani ya mke. Wanawake wakikutana mtoni huulizana, "Yule mke mpya anabeba?" na jibu hujulikana kwa kijiji kizima.

Nilibeba. Nilibeba vizuri mvua zote za mwaka ule. Kipupwe kilipoingia na ukungu ukakaa kwenye kilima mpaka mchana, nikaanza kukohoa nikiwa nimeinama. Kisha asubuhi moja kikohozi kikagoma kutoka na pumzi nayo ikagoma kutoka. Wengi hudhani mgonjwa wa pumu anashindwa kuvuta hewa. Si hivyo. Hewa iliyoingia haitaki kuondoka, kifua kinajaa kama kibuyu kilichozibwa, na hakuna nafasi ya hewa nyingine. Nilisikia filimbi, nikageuka kutafuta nani anapiga. Ilikuwa mimi.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Akasimama mlangoni.

"Mke wa Margwe, una nini?"

"Kifua, mama."

"Kifua kila mtu anacho. Kikapu kinakungoja."

Margwe ni mume wangu. Ni mtu wa maneno machache, na nawaambia mapema kwamba katika habari hii yote hakuwahi kuniinulia sauti.

Mwili ulibadilika kabla sijakubali kwamba ninaumwa. Mabega yalipanda, yakabaki juu kama ya mtu anayebeba mtungi asiouona. Mashimo yalichimbika juu ya mifupa ya shingo. Niliacha kuimba kanisani, kwanza mistari mirefu, halafu yote. Theresia alipozaliwa, nilimnyonyesha nikiwa nimeegemea gogo, kwa sababu nikilala ubavu filimbi ilimwamsha. Akazoea mpaka akawa hasinzii asipoisikia. Na ule mwaka alipoanza kutembea, Margwe akasema basi, twende hospitali.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Mbulu, tukipumzika kila penye jiwe la kukalia. Hospitali ilikuwa na baraza ndefu yenye mabenchi. Hapo nilijifunza kwamba kungoja nako ni ugonjwa wake. Unaangalia mlango. Unaangalia nani kafika baada yako na kaitwa kabla yako. Unajua jinsi kila mtu anavyokohoa kabla hujajua jina lake.

Kando yangu alikaa mama mmoja mnene wa Dongobesh, mke wa mwenye duka, Mwislamu, amejifunga khanga mbili. Jina lake Bi Mwajabu. Mabega yake yalikuwa juu kama yangu, nikamtambua mara moja kama mtu anavyomtambua ndugu yake sokoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Usiseme tena, unamwaga pumzi. Weka mikono magotini. Inama kidogo. Sasa toa hewa polepole, midomo kama unapoza uji. Hivyo. Mimi nitasema kwa niaba yetu sote wawili. Mume wangu anasema naweza kusema kwa niaba ya mnada mzima."

Nikapoza uji usiokuwapo. Ikasaidia kidogo. Namshukuru mpaka leo.

"Yangu ina macho," akaendelea, na benchi zima likageuka kumsikiliza. "Nikipepeta unga inakuja. Hiyo naielewa, unga ni vumbi. Lakini mke mwenzangu akipita mlangoni na khanga mpya, inakuja pia. Na hana unga hata punje!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyefungwa kitambaa jichoni akauliza, "Na akisafiri huyo mwenzako?"

"Akisafiri napanda kilima na gunia la chumvi kichwani, baba. Naimba."

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikaitwa.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono baridi. Alisikiliza mgongo wangu kwa mpira wake wa masikioni, akasema maneno mengi, na dresa, msaidizi wake mwenye shati jeupe, akatutafsiria mimi na Margwe.

"Daktari anasema ndani ya kifua mna mirija ya pumzi. Mirija ina nyama inayobana, kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoivuta hiyo kamba. Mavi ya ng'ombe na moshi vikiingia, mishipa inavuta. Ukishtuka au ukiogopa, inavuta pia, hata kama hakuna moshi. Kwa hiyo kaa mbali na zizi, na usitishwe."

Margwe akauliza, "Yaani anajifunga mwenyewe?"

"Hajifungi. Anafungwa na mishipa. Yeye hana amri nayo, kama wewe usivyo na amri na moyo wako."

Kisha wakanichoma sindano. Moyo ukaenda mbio kama mbuzi aliyefunguliwa, mikono ikatetemeka, nikafikiri nakufa kwa njia nyingine. Halafu kifua kikafunguka. Hewa ikatoka yote, na nyingine ikaingia mpaka chini, mahali ambapo haikuwa imefika tangu kipupwe kile cha kwanza. Nililia mbele ya dresa. Akanipa vidonge vidogo vyeupe vya kwenda navyo, akaniambia visiniogopeshe vikinitetemesha.

Margwe ni mkweli, na ukweli wake ndio uliotuponza. Tulipofika Tumati alikaa karibu na moto akawasimulia wazazi wake yote, hakuacha neno. Wao katika maneno hayo yote walichukua moja.

"Akiogopa," mama mkwe akasema. "Umesikia, Baba Margwe? Daktari kasema akiogopa."

Baba mkwe alikuwa mzee mpole aliyefuga tangu utoto wake. Kila jambo alilipima kwa ng'ombe, na mara nyingi alipima sawasawa. "Ndama anayeogopa kamba," akasema, "hafichwi kamba. Hufungwa kamba mpaka aizoee."

Wakaona dawa ni nyepesi. Kama naogopa ng'ombe, nilale nao. Wakahamisha ngozi yangu ya kulalia, wakaitandika kando ya boriti inayotenga ng'ombe na watu, mahali ambapo fahali mweusi alinipumulia shingoni. Kikapu changu kikaongezwa ukubwa ili nizoee upesi. Nasema wazi kwamba hawakufanya hivyo kwa chuki. Ndivyo walivyomtibu fahali, ndivyo walivyomtibu punda, na wote walipona. Mama mkwe hata alinichinjia kuku.

Vidonge viliisha masika yalipoanza. Ng'ombe wakakaa ndani zaidi kwa sababu ya matope, na kuni mbichi zikatoa moshi mzito. Nilikuwa na mimba ya pili. Alfajiri moja niliamka nikiwa tayari nimefungwa. Nilitaka kumwita Margwe na jina lake likakaa mdomoni. Nilipiga boriti kwa kiganja, ng'ombe wakasimama, na ni ng'ombe hao waliowaamsha watu. Waliniambia baadaye kwamba midomo yangu ilikuwa na rangi ya zambarau. Wanaume walinibeba katika machela ya ngozi, wakapokezana kwenye utelezi mpaka Mbulu, na huko nikachomwa sindano yangu ya pili. Dresa alinitambua. Akamuuliza Margwe mimi nalala wapi. Margwe alipomwambia, alifunga macho kwanza ndipo akasema, "Daktari alisema mbali. Mbali, ndugu yangu."

Nilirudi. Ngozi yangu ikarudishwa mahali pake pa zamani, na hatua chache ndani ya nyumba ileile ndizo zilizokuwa "mbali" yetu.

Kuhusu mtoto wa pili nitaandika machache. Alikuwa wa kiume, mzito, mcheshi. Homa ilimchukua wakati wa upepo mkavu, bado ananyonya. Pumu haikuhusika.

Ilikuja kuhusika kwa njia nyingine. Kwetu, mama akifiwa na mtoto anayenyonya, mwiko humwangukia, nasi tunauita metimani. Hashiriki moto na majirani. Hachoti maji wanapochota. Haingii nyumba ya mtu, na mtu haingii kwake. Hata ng'ombe wa nyumba anayolala hawanywi na ng'ombe wa wengine, wasije wakaueneza msiba. Mapadre walikemea desturi hii na serikali ikaipinga barazani. Watu wakaitikia ndiyo, wakarudi nyumbani wakaendelea nayo. Baba mkwe hangeweza kuzuia kundi lake lote lisinywe. Akaamuru tujengewe kibanda ng'ambo ya korongo, mimi na Margwe. Theresia akabaki kwa bibi yake. Vuli ilipoanza wazee wakamtakasa Margwe mapema kwa sababu ng'ombe walikosa mchungaji, nikabaki peke yangu. Alikuwa akiniachia chakula kwenye jiwe katikati ya korongo, akirudi nyuma ndipo nashuka kukichukua. Mara nyingine nilikuta boga kando ya chakula, na sikujua ni jirani gani aliyeliweka. Asubuhi Theresia aliletwa ukingoni, akanipungia mkono, nikampungia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kuchunguza.

Kibanda kilikuwa kipya. Nyasi safi, udongo safi, moto wangu mdogo nje, na hakuna ng'ombe. Katika siku zile za kilio kikubwa kuliko vyote maishani mwangu, nililala chali. Nililia mpaka macho yakavimba, na kifua hakikufunga. Niliona haya kupumua vizuri mwanangu akiwa ardhini. Lakini niliandika kichwani: huzuni haifungi. Wanaosema pumu ni machozi wamekosea, angalau kwangu.

Mabega yakashuka. Nikanenepa. Nikaimba wimbo mzima wa kanisani, beti zote, hakuna aliyenisikia ila ndege.

Kisha mama mkwe akaja ukingoni. Mwiko ulimkataza kuvuka, haukumkataza kuita.

"Mke wa Margwee! Bado unapumua?"

Kifua kikafunga. Hapohapo. Nilisikia kamba ikivutwa kama alivyosema dresa. Nikatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mwizi. Hakuna ng'ombe. Hakuna moshi. Upepo ulitoka kwangu kwenda kwake. Ilikuwa sauti tu. Nikamkumbuka Bi Mwajabu na mke mwenzake asiye na unga.

Kwa hiyo ni kweli, nikajiambia, ni uoga? Sikulipenda jibu hilo, lakini jibu usilolipenda nalo linataka kupimwa. Bahati ikaniletea kipimo. Baridi ilipozidi Margwe aliniachia blanketi lake kwenye jiwe, lile alilolala nalo kando ya ndama. Mume wangu simwogopi. Nampenda. Nilijifunika blanketi lake kwa furaha, na kabla maji ya uji hayajachemka nilikuwa nimekaa, mikono magotini, napiga filimbi.

Basi kifua changu kina milango miwili. Mmoja unafungwa na kinachoingia puani, mwingine unafungwa na kinachoingia masikioni. Mishipa ni ileile, kamba ni ileile. Nilitaka kujua kama milango yote miwili inaweza kufundishwa.

Mama mkwe alipoita, niliacha kukimbilia ndani. Nilikaa ukingoni mbele ya macho yake, mikono magotini, nikapoza uji. Aliita, nikapoza. Alinikejeli, "Unampulizia nani, mchawi we?" nikapoza. Kwa wiki nyingi nilirudi kibandani nimechoka kama niliyelima. Mahindi yalipotoa mbelewele, siku moja aliita, na kifua kikasikiliza tu. Kilibana kidogo kama mtu anayekunja kipaji, kikaachia.

Blanketi nalo nililijaribu, jioni baada ya jioni, kwa subira ileile. Halikukubali. Nilipoza uji mpaka midomo ikakauka na kila mara kifua kilifunga. Mwishowe nililifua kwa majivu, nikalirudisha kwenye jiwe. Hapo nikapata neno la kuwajibu. Mtu anayejisingizia angezoea vyote au angekataa vyote. Mwili wangu ulizoea kimoja ukakataa kingine, na mimi sikuulizwa.

Karibu na mavuno mwiko wangu uliondolewa. Mbuzi alichinjwa, pombe ya mtama ikapikwa, wazee wakaketi kwenye vigoda mbele ya nyumba kubwa. Mimi niliketi kando, upande upepo unakotoka. Kabla pombe haijazunguka mara ya pili mama mkwe akasimama.

"Wazee, mimi naomba kuuliza. Huyu kwetu alikuwa anakufa. Kule peke yake amenenepa, mwoneni mashavu. Ugonjwa gani unapona kwa kuvuka korongo? Anatuchukia, basi. Kama ni mke, aingie leo abebe kikapu. Kama si mke, njia ya Daudi anaijua, na mtoto wetu atuachie."

Mkwe kwetu hasemi mbele ya baba mkwe asipoulizwa. Nilisimama bila kuulizwa. Nilihisi kamba ikivutwa, nikapoza uji mbele ya wote, nao wakanitazama kama mwehu. Kisha nikasema kwa vipande, kwa sababu vipande ndivyo nilivyokuwa navyo.

"Siwachukii. Sauti ya mama ilinifunga, nimeizoea. Mavi ya ng'ombe yananifunga, sikuyazoea. Nimejaribu. Siingii nyumba ya ng'ombe. Na Daudi siendi. Nitakaa kibandani."

Baba mkwe akakuna kidevu. "Nyumba isiyo na ng'ombe ni nyumba ya metimani, binti yangu. Watu hawatakunywa kwako."

"Waiite hivyo, baba. Nitaishi humo. Kwako nitakufa, halafu mtawekewa mwiko mwingine."

Mzee mmoja akasema, "Kha!" kama aliyeumwa na siafu.

"Na mavi nani atayabeba?" mama mkwe akauliza.

"Mimi," Margwe akasema.

Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika. "Tukushonee na vazi la ngozi la bibi arusi!" mmoja akapiga kelele. "Na shanga!" mwingine akadakia. Margwe alitazama mikono yake akangoja wamalize. Walipomaliza akasema tena, "Nitabeba mimi. Na kulala nitalala kwa mke wangu, nikioga kwanza."

Baba mkwe hakucheka. "Akae," akasema. "Mtu asiseme nilimfukuza, na asiseme nilimkaribisha."

Lakini mama mkwe hakuwa amemaliza. "Theresia halali nyumba ya mwiko. Mtoto ni wa ukoo." Na juu ya hilo wazee wakarudia pombe yao, shauri likabaki halijaamuliwa.

Kabla ya kusema kilichofuata, niwaambie yaliyonifaa, kwa wale mnaoisoma habari hii kwa ajili hiyo. Vidonge nilivipata tena, nikavila, vikanisaidia. Msivitupe kwa sababu vinatetemesha. Mtu akiwaambia ni mishipa tu, mjibuni kwamba mishipa ni mwili kama mfupa ulivyo mwili, na aliyevunjika mfupa hapelekwi kucheza ngoma ili azoee. Jipimeni wenyewe bila kujionea huruma: ni kitu gani, wakati gani, upepo ukitoka wapi. Mlango unaofundishika ufundisheni. Mlango usiofundishika msione aibu kuukimbia. Na mkifungwa, kaeni, wekeni mikono magotini, toeni hewa kwanza. Kuingia kutakuja kwenyewe.

Sasa Theresia. Asubuhi iliyofuata nilivuka korongo. Margwe alikuwa tayari njiani na kikapu kichwani, na wanawake waliokwenda mtoni walikuwa wamesimama kumwangalia, mmoja akiwa ameshaanza wimbo wa kumcheka. Nilipita katikati yao, nikasimama uani kwa mama mkwe, mbali na mlango. Harufu ilinifikia hata hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimemfuata Theresia."

"Yuko ndani, anakula. Ingia umchukue." Akajitenga mlangoni kuniachia nafasi, mikono nyuma. Nyuma yake niliona pembe za fahali gizani. "Au unaogopa?"

"Naogopa," nikasema. "Siingii. Mtoe, mama."

"Mama gani anaogopa kumfuata mwanawe?"

Wanawake wa mtoni walikuwa wameacha wimbo. Nilisikia filimbi ikianza kifuani, nyembamba. Mikono niliiweka magotini, nikainama pale uani mbele ya wote, kama mtu aliyeshindwa mbio. Nikatoa hewa. Jua likapanda juu ya paa. Alirudia swali lake, mara kwa ukali, mara kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi. Sikuingia wala sikuondoka. Margwe akarudi na kikapu kitupu, akasimama kidogo kando yangu. Akaingia ndani, na nilidhani atamtoa mtoto yeye. Akatoka na mzigo wa pili wa mavi, akaenda zake. Nilimwelewa. Shauri hili halikuwa lake kulimaliza.

Mama mkwe alimtazama mwanawe akiteremka na kikapu. Aliwatazama wanawake. Kisha akanitazama mimi, mabega yangu yaliyopanda, midomo yangu ikipuliza, na sijui aliona nini, sikuwa ndani ya kichwa chake. Aligeuka akaingia. Alipotoka alikuwa amemshika Theresia mkono, uji bado kidevuni.

"Mchukue," akasema. "Kichwa chako ni kigumu kuliko kifua chako."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Toka hapo kabla hujaniangukia uani."

Theresia akanishika kidole. Tulishuka korongo taratibu, yeye akiruka mawe, mimi nikipiga filimbi kila hatua, na pale kwenye mteremko mkali akainua uso akaniuliza kwa nini ninaimba hivyo. Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nikaendelea kutembea.